Kinda la Ndege Katika Banda la Ng'ombe

Gari la baba yangu lilikuwa ndege ambayo bado haijakomaa. Hayo niliambiwa na Cheruiyot wa darasa la tatu, na Cheruiyot hakuwa mtu wa kubishiwa, maana baba yake alikuwa mlinzi wa kiwanja kidogo cha ndege kule kwenye mashamba makubwa ya chai, na yeye mwenyewe aliwahi kugusa gurudumu la ndege kwa mkono wa kulia, mkono ambao hakuunawa wiki nzima. Alitufundisha nyuma ya choo cha shule kwamba ndege huzaliwa gari: dogo, la milango miwili, lenye pua ndefu na lisilo na paa. Likikimbizwa kila siku, mbavu zinaanza kuliwasha, halafu mabawa yanachomoza. Lisipokimbizwa linadumaa kama mahindi ya kivulini. "Ya baba yako imedumaa," alinihurumia, "lakini usikufe moyo. Si iko na pangaboi tayari? Angalia hapo mbele, nyuma ya rejeta." Nilikimbia nyumbani, nikachungulia, na kweli pangaboi ilikuwepo, ndogo, ya chuma, imejificha kama jino la mtoto. Niliamini. Imani niliyokuwa nayo siku hiyo ningeipeleka kanisani, leo ningekuwa askofu.

Nimekumbuka haya kwa sababu ya pua yangu. Juzi nilikuwa Kericho, mvua ya saa nane imenyesha kama kawaida yake, nikapita mbele ya mtu aliyetandaza viti vikuukuu vya gari pembeni mwa barabara. Ngozi iliyolowa, sponji iliyooza, petroli ya zamani. Mimi hapa, mtu mzima, niliyemaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni nikiwa na ndevu na watoto wawili, nilisimama pale nikinusa kiti cha watu mpaka mwenye mali akaniuliza kama ninanunua ama ninaombea.

Gari lenyewe lilikuja nyumbani, nje kidogo ya Silibwet, likivutwa na trekta. Meneja mmoja mzungu alikuwa ameliacha kwenye stoo ya shamba la chai alipostaafu, likalala chini ya magunia miaka mingi hivi kwamba panya wa vizazi sita walilirithi. Baba alikuwa mwalimu katika shule ya Merigi, na kila asubuhi alikwenda huko kwa baiskeli, matope hadi kwenye nyusi. Bonasi ya chai ilipotoka mwaka ule, mama alikuwa amekwishaiota ikiwa ng'ombe wa gredi. Baba aliondoka asubuhi kwenda kuleta ng'ombe huyo, akarudi jioni ameketi ndani ya gari la spoti, ameshika usukani, huku trekta likifanya kazi yote. Alipunga mkono. Mama alikuwa mlangoni, mikono kiunoni, na hakupunga chochote.

Lililala katika banda la ng'ombe. Ng'ombe wetu, maskini, alihamishiwa nje kwenye mvua, na naapa kwamba maziwa yake yalipungua kwa hasira. Kila asubuhi baba aligeuza ufunguo, gari likakohoa mara mbili kama mzee anayetaka kuhutubia, kisha likakaa kimya. Hapo mama alitoka na gamubuti zake, mimi nikatoka na sare yangu, tukasukuma. Likipata moto, baba hakuweza kusimama kutushukuru, maana lingezima. Likikosa moto, tulilisukuma kurudi. Majirani waliacha kuangalia saa, walijua ni saa kumi na mbili na nusu kwa sauti ya mama akisema, "Haya, moja, mbili!"

Lazima nieleze jambo kuhusu lugha, kwa maana ndiyo iliyoniponza. Mama alikuwa mtu wa ziwani. Baba yake alikuja huku kufanya kazi katika kiwanda cha chai, akazeekea katika nyumba za kiwanda, na aliponunua uhuru wake kwa kustaafu, mwaka mmoja kabla ya mambo haya, alivuka mto akafungua duka Chepilat. Baba alikuwa Mkipsigis wa hapa hapa. Kwa hiyo lugha ya nyumbani kwetu ilikuwa Kiswahili, ambacho hakuna aliyezaliwa nacho. Baba alitia B mahali pa P, mama alitia S mahali pa SH, na mimi nilikula vyote viwili kama vilivyopakuliwa.

Basi asubuhi moja ya tope, baada ya kusukuma hadi kwenye mti mkubwa wa njiani na kurudi, mama alivua gamubuti, akazigonga ukutani, akaingia chumbani, akatoka na sanduku.

"Mwalimu," alisema, wala hakupaza sauti, "mimi niliolewa na mtu. Sikuolewa na mkokoteni."

"Mama Weri," baba alisema, na weri kwao ni mvulana, yaani mimi, "ni betri tu. Bado kidogo."

"Haya. Ile siku hii gari itaanza kutembea kila siku kama gari za watu, utanipata kwetu, ng'ambo."

Akanishika kichwa, akaninusa utosini kama anayekagua kama nimeoga, akaenda. Nilibaki na baba, na kogo, yaani nyanya yangu mzaa baba, ambaye Kiswahili chake kilikuwa "kuja" na "kula".

Wewe unayesoma ushajua ni ng'ambo gani. Mimi nilijua ng'ambo moja tu. Kaka yake mwalimu mkuu alikuwa ng'ambo, akarudi na koti linalofika kwenye magoti na kikohozi cha Kiingereza. Ng'ambo ni huko ndege zinakokwenda. Kwa hiyo nilipata hesabu yangu kamili kwa dakika moja: mama yuko Ulaya, kumfuata kunataka ndege, ndege tunayo bandani, imedumaa, baba ameahidi kuitengeneza. Nilimwona baba yangu kuwa mtu mwenye akili kuliko wote waliowahi kushika chaki.

Mama hakutusahau. Kila baada ya wiki chache kifurushi kilifika kwa mkono wa mtu. Sweta ya bluu, ambayo nilitangaza shuleni kuwa ni sweta ya Ulaya, na watu walipanga foleni kuigusa mkono. Mara nyingine ilikuwa omena, kikombe kizima kimefungwa kwenye gazeti. Nilimweleza Cheruiyot kwamba samaki wa Ulaya ni wadogo sana kwa sababu ya baridi. Alikubali mara moja. Alisema hata yeye alikuwa amesikia.

Ukarabati ulianza, na hapo ndipo taabu yangu ilipoanza, kwa maana nilidhani baba na mimi tunajenga kitu kimoja.

Fundi alikuwa Odhiambo, mtu wa ziwani pia, aliyefanya kazi ya mitambo katika kiwanda cha chai na kuja kwetu Jumamosi. Alimwita baba shemeji, kwa kuwa baba alioa upande wao, na hakuna kitu baba alichokuwa anakiogopa kama neno hilo katika majira yale.

"Shemeji," alisema siku ya kwanza, akiwa amelala chini ya gari, miguu tu ikizungumza, "hii gari ni mzuri. Shida yake ni moja. Ilitengenezwa kwa barabara ambayo hatuna."

"Itawezekana kuifanya ya kila siku?"

"Kila kitu inawezekana. Tutatoa ya Mwingereza, tuweke ya Mjapani. Pole pole. Ikifika mwisho haitaona haya tena."

Kwanza walitoa dinamo wakaweka altaneta ya pikapu. Taa za mbele, ambazo zilikuwa zikiwaka kama macho ya mtu anayesinzia sala ya jioni, zikamulika hadi Bomet mjini. Sitii chumvi, labda kidogo. Nilishangilia. Halafu walitoa rejeta ndogo wakaweka kubwa, na pamoja nayo pangaboi mpya, ya plastiki, yenye panga saba, pana kama sahani ya ugali. Usiku huo sikulala kwa furaha. Pangaboi ilikuwa inakua! Nilimpelekea Cheruiyot habari, naye akatikisa kichwa kitaalamu: "Sasa ni mbavu tu zimebaki."

Lakini Jumamosi iliyofuata waliinua springi. Gari lililokuwa limelala chini kama paka anayenyemelea likasimama wima kama mbuzi. Zile rimu za nyaya, nyepesi, zinazong'aa, zikatolewa. Zikaja rimu za chuma na matairi mazito ya tope. Nilisimama pembeni nikaona kila kilicho chepesi kinatoka na kila kilicho kizito kinaingia. Nani amewahi kuona ndege yenye matairi ya trekta? Nikauliza.

"Baba, si itakuwa nzito?"

"Ndiyo vizuri. Itashika barabara."

Itashika barabara! Ndicho hasa nilichokuwa naogopa. Nilikusanya zile rimu za nyaya nikazificha stoo, chini ya mahindi, ili siku baba atakapopata akili tuwe nazo.

Mihula ilipita hivyo. Baba alikuwa na neno moja, "bado kidogo", na kila bado kidogo ilizaa nyingine. Springi zikipona, breki zinaugua. Breki zikipona, klachi inalia. Ilikuwa kama kuogesha mtoto kwenye tope: ukimaliza mguu huu, ule umeshachafuka. Aliacha kunyoa ndevu vizuri. Alisahihisha madaftari akiwa na grisi kwenye vidole, na watoto wa Merigi walirudishiwa hesabu zenye alama ya dole gumba la baba, nyeusi, kama hati ya shamba.

Kisha ikaja hadithi ya pampu. Pampu ya maji ilianza kuvuja, Odhiambo akasema inayofaa ipo Nakuru. Baba alimsimamisha dereva wa lori la majani chai, mtu wetu kabisa, aliyekuwa na safari ya huko, akamwambia kwa utaratibu wa kimwalimu: "Niletee bambu ya bikabu."

Sasa sisi Wakipsigis, B na P kwetu ni mapacha. Anayeitwa kwanza ndiye anayeitika. Na kwa kuwa dereva alijua udhaifu wetu, njia nzima hadi Nakuru alikuwa anajisahihisha. Mwalimu amesema bambu. Mtu wetu akisema B anamaanisha P. Lakini Mwalimu ni msomi, pengine B ya kwanza alishairekebisha mwenyewe, imebaki ya pili kuwa P. Alirudi siku ya tatu. Tulimwona kutoka mbali akishuka kwenye lori amekumbatia kitu kirefu cha chuma kama anayebeba jeneza la nyoka.

"Mwalimu, nimeipata! Ya pikapu, mpya!"

Baba aliitazama. "Hii ni nini?"

"Ni bampa."

"Nilisema bambu!"

"Ndiyo. Bampa."

"Bambu! Bambu ya maji!"

"Mwalimu, si ndiyo hii? Maji utamwagia wapi ni shauri yako."

Odhiambo alikuwa ameketi juu ya tairi kuukuu, machozi yanamtoka. "Shemeji, usimrudishe. Funga hiyo mbele. Pampu ikikataa kabisa, utagonga mto, maji yaingie yenyewe."

Hakuna aliyecheka zaidi yake. Baba aliingia ndani akafunga mlango, na kupitia ukuta wa mbao nilimsikia akijisemea peke yake, polepole, kama mtoto wa darasa la kwanza: "Pam-pu. Pam-pu. Pam-pu." Alikuwa anasema sawasawa kabisa. Kogo aliniangalia, mimi nikamwangalia kogo. Kifurushi cha omena kilichokuja wiki ile baba hakukifungua. Alikiweka juu ya kabati akakitazama wakati wa chakula.

Bampa ilifungwa. Pampu ilikuja baadaye, baada ya baba kuiandika kwenye karatasi kwa herufi kubwa. Na mimi nilizidi kukata tamaa, kwa maana lile kinda langu la ndege lilikuwa linageuka kuwa fahali mbele ya macho yangu. Kitu cha mwisho ndicho kilichonivunja kabisa. Turubai la juu lilikuwa limeoza, na baba akasema mtu hawezi kumchukua binti wa watu kwenye mvua bila paa. Odhiambo akakata bati, akalikunja vizuri, akalifunga kwa bolti nne kubwa, mbili kila upande, pale pale kwenye mbavu. Nyuma ya viti viwili akaweka kibao chenye sponji, cha kunikalisha mimi. Akapiga bati kofi. "Imekwisha, shemeji. Wiki mbili haijasukumwa. Kesho nenda ukamlete."

Kesho! Ulaya, kesho, na mabawa yamefungiwa kwa bati!

Sikuona njia nyingine. Wawili hao walipoingia ndani kula, nilichukua spana nikafungua bolti zote nne mpaka zikabaki zimekaa kwenye nyuzi mbili za mwisho. Sikutaka kuharibu kitu, jueni hivyo. Nilitaka mabawa yapate nafasi ya kutoka.

Jumapili baada ya kanisa tuliondoka. Baba alivaa suti ya harusi yake, amenyoa hadi akajikata. Gari liliwaka mara moja, bila kukohoa, na kogo akatema mate ya baraka kwenye boneti. Tulishuka kwenda Silibwet, tukaingia lami, baba akaongeza mwendo kidogo, akatabasamu, akaongeza tena. Bampa mbele, matairi yananguruma. Halafu nilisikia kitu kinapigapiga juu ya kichwa changu, mara upande huu, mara upande ule. Nikajua saa imefika. Kikatokea kishindo, upepo ukaingia wote kwa mara moja, na nikasimama juu ya kibao changu nikapiga kelele:

"Mabawa yametoka! Baba, yametoka! Ruka!"

Bati liliruka, hilo halina ubishi. Liliruka vizuri kuliko ndege nyingi, likapita juu ya kabichi za akina mama sokoni, likageuka mara mbili angani, likatua kwenye mtaro likiwa limekunjika kama chapati. Namshukuru Mungu halikumpata mtu. Akina mama walisimama, wakatuangalia, na mmoja akasema kwa sauti ya kanisani, "Si huyo ni Mwalimu?"

Baba alisimamisha gari. Alishuka, akapapasa matundu ya bolti kwa kidole. Bolti hazikuwa zimekatika, zilikuwa zimefunguliwa. Mwalimu wa hesabu hahitaji muda mrefu. Alirudi akaketi, akaweka paji la uso kwenye usukani.

"Ni wewe?"

"Ndiyo, baba."

"Kwa nini, weri?"

Nikamweleza yote. Cheruiyot, mbavu, pangaboi iliyokuwa inakua vizuri, na jinsi walivyokuwa wakiizidishia uzito wakati mama yuko ng'ambo. Ng'ambo wapi, akauliza bila kuinua kichwa. Ulaya, nikasema. Huko samaki ni wadogo.

Manyunyu yalianza. Nilidhani atageuza gari turudi, aanze tena bado kidogo yake, na bati lingine, na Jumamosi nyingine. Alikuwa amekwisha kuligeuza nusu, pua ikielekea nyumbani. Kisha akaliacha bati mtaroni, akanyoosha usukani, akaendelea mbele, bila paa, suti ya harusi ikilowa mabegani.

Hatukupita kiwanja chochote cha ndege. Tulipita Sotik, tukavuka daraja juu ya mto wa kawaida, maji ya kahawia, wanawake wanafua. Muda si muda baba akasimama mbele ya duka lenye mlango wa kijani. Na mama alikuwa pale, ameketi kwenye kigoda barazani, akipimia mtu omena kwa kikombe.

Baba alisimama mvua ikimtiririka. Badala ya kusalimia, alianza kuhesabu. "Altaneta ni mpya. Rejeta mpya. Springi tumeinua. Breki... Pampu..." Neno hilo alilisema vizuri. "Wiki mbili haijasukumwa, Mama Weri. Paa lilikuwepo. Lilikuwepo asubuhi."

Mama alimwacha amalize. Alimwangalia kuanzia kiatu hadi kidonda cha wembe. Mimi nilikuwa nimeng'ang'ania sketi yake, nikiuliza yote kwa pamoja: kama Ulaya kuna baridi, kama alikuja kwa ndege, kama ilikuwa kubwa kuliko yetu, na kwamba yetu ingeruka kama si lile bati.

Alipangusa mikono, akaingia ndani, akatoka na sanduku, akalisukuma nyuma ya kiti, kwenye kibao changu kilicholowa. Kisha akainama, akanishika mashavu. Alikuwa anaongea na mimi, lakini sauti aliipima imfikie baba.

"Hii si ndege, wuoda, mwanangu. Ni gari tu. Na hapa si Ulaya, ni Chepilat, ng'ambo ya mto. Baba yako angekuja hata kwa miguu, ningerudi naye siku hiyo hiyo."